Niliyemvika Luliki Ananituma Nikalinde Waya

Jumamosi nilitoka Kitale alfajiri na suti yangu ya kijivu, nikabanwa kiti cha nyuma cha matatu kati ya mama mmoja na kuku wake, Kiminini, Kamukuywa, Webuye, hadi Bungoma harusini. Nafasi yangu niliijua: meza ya wazee, supu ya kwanza, pengine kuombwa maneno mawili. Dada yangu akanipokea mlangoni. "Afadhali umefika. Hebu msaidie mtoto na taa zake."

Mtoto mwenyewe, mwanawe wa kiume, ana miaka 16. Kazi ya taa za jukwaa amejifunza kwenye video za usiku, kwa bando ninazomnunulia mimi nikidhani anasoma kemia. Siku hizi makanisa yanamwita, maharusi wanamwita, na simu zangu hapokei.

"Khocha," akasema, yaani mjomba kwa Kibukusu, bila kuinua macho, "hizi taa nne kila moja ina chaneli saba. Ya kwanza inaanza 1, ya pili 8, ya tatu 15, ya nne 22. Niwekee hiyo ya nne."

Kuweka 22 si kuandika 22. Nyuma ya taa kuna vijiswichi kumi vidogo kama meno ya panya. Cha kwanza ni 1, cha pili 2, cha tatu 4, halafu 8, halafu 16, vinaongezeka maradufu hivyo hivyo mpaka cha tisa, 256. Ukitaka 22 unawasha cha 16, cha 4 na cha 2. Miwani ya kusomea ninayo, ila niliiacha Kitale makusudi, nisionekane mzee kwenye picha.

Akanieleza kwamba mtindo huu unaitwa DMX512, kwamba waya mmoja unabeba chaneli 512, na kwamba Wamarekani waliutunga mwaka 1986. Hapo ndipo moyo uliponichemka. Mwaka 1994 nilikuwa fundi wa taa wa klabu ya drama ya shule yetu, na hakuna binadamu aliyenidokezea kwamba jambo la kuongoza taa lilikuwa limeshatatuliwa miaka minane kabla! (Ufundi wenyewe sikuuomba. Mwalimu alinisikiliza nikisoma mistari ya askari wa pili, akafunga kitabu, akasema, "Wewe utatusaidia na stima.")

Mitambo yetu ilikuwa balbu mbili za wati 100 ndani ya makopo ya Kimbo. Giza tulilitengeneza kwa kuziba madirisha na blanketi za bweni, na waliokaa karibu na madirisha wakaigiza kukohoa bila kufundishwa. Kilichokosekana ni kifaa cha kufifisha mwanga. Mwalimu akasema regyuleta ya feni itatosha. Sasa Kitale, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, feni ni ya kumpepea nani? Nikatumwa Bungoma, mita 500 hivi chini yetu, ambako watu wanajua jasho. Fundi mmoja akaniuzia kuukuu, yenye namba 0 hadi 5, na ikiwaka dakika kumi ungeweza kupigia nguo pasi.

Kuna jambo fundi yule hakuniambia. Feni ikianza kuzunguka inahitaji nguvu nyingi, kwa hiyo mtengenezaji aliiweka 5 jirani kabisa na 0. Unaanza na kasi yote, kisha unapunguza: 4, 3, 2, 1. Ukitaka kuzima unarudi ulikotoka. Kwa feni hiyo ni busara. Kwa mfalme anayekata roho ni balaa.

Mashindano ya wilaya. Mfalme anachomwa kisu, anaanguka vizuri mno. Mimi pembeni na regyuleta yangu: tano, nne, tatu. Malkia analia. Mbili, moja. Ukumbi kimya, hata wale wa kidato cha kwanza wameacha kutafuna. Mfalme, kwa kuona giza limekaribia, anainuka aondoke. Nami ili niifikie 0 sina budi kurudi: mbili, tatu, nne, tano! Marehemu huyo hapo, taji mkononi, anavuta kaptula.

Mtaniuliza kwa nini sikuchomoa plagi. Plagi ilikuwa chini ya kiti cha enzi. Mwamuzi mmoja alitaka kujua kama ule ulikuwa ufufuo.

Basi Bungoma, bibi harusi anaingia. Kijana anasukuma vishikizo vyake, nyekundu na bluu pamoja, taa tatu zinatoa zambarau ya kupendeza. Ya nne, ile yangu, inammwagia bibi harusi kijani usoni. Kidole changu kilikuwa kimewasha na kile cha 1, ikawa 23, na taa ikawa inasoma kila agizo hatua moja mbele: nyekundu ya wenzake ikaifanya kuwa ukali wa mwanga, bluu ikaifanya kijani. Mama mmoja nyuma yangu aliuliza kama binti ameshapimwa malaria.

Kijana hakugomba. Angegomba ningekuwa na la kusema. Alipita pembeni, akapapasa mgongo wa taa bila kuangalia, akashusha kijiswichi kimoja. "Khocha, uliweka 23."

Agosti 2022 nilimchinja ng'ombe wangu mwenyewe, nikamvika kijana huyu luliki, ile nyama ya jando, shingoni mbele ya ukoo mzima. Leo ananishika bega kwa upole kama mgeni aliyepotea njia. "Sasa Khocha, tafadhali simama pale kwa ekstensheni, watu wasiikanyage."

Nikasimama, na suti yangu. Maharusi walipoinuka kucheza, aliziteremsha taa polepole kwa kidole kimoja, kutoka mwanga wote hadi giza, bila kurudi kupitia popote. Nilihesabu kimoyomoyo: tano, nne, tatu, mbili, moja, sifuri. Na katika giza hilo nikasikia vijiko vya meza ya wazee vikikwaruza sakafu za bakuli.