Katika Kuisifu Gundi Isiyobanduka

Washairi wamekwisha kuusifu mwezi, jahazi, waridi, na hata tambuu. Lakini ile gundi kidogo, nyeusi pembezoni na yenye kunata katikati, inayosalia juu ya cheni ya saa ya mkono baada ya kibandiko cha bei au nailoni ya kiwandani kubanduliwa, haijapata mtu wa kuitungia hata ubeti mmoja. Naiona hiyo kuwa dhuluma, na maadamu hakuna aliyejitolea kuwa wakili wake, nitausimamia mimi utetezi huo, tena bila ujira.

Fadhila yake ya kwanza ni uaminifu. Saa mpya huja na marafiki tele: kisanduku chenye kimto cha mahameli, kijitabu cha lugha nyingi asichokisoma mtu, hati ya dhamana ambayo siku ya haja haionekani, na muuzaji mwenye bashasha ambaye ukirudi na malalamiko huwa amekwenda kuswali, na hao wote wakishatawanyika, na dhahabu iliyopakwa juu juu ikishaanza kufifia kwenye kona za pingili, gundi ingali pale pale. Humfuata mwenyewe arusini na matangani, na kila iendako huokota amana: vumbi, uzi wa mkono wa kanzu, na aghalabu unywele wa mkononi, ambao huung'oa bila kuomba idhini.

Wapo wenzetu wasioibandua nailoni abadan, ili kila atazamaye atambue kwamba saa ni mpya, wakakaa nayo hata ikageuka manjano na kujikunja ncha. Nawastahi watu hao, kwa kuwa wanailea gundi pasipo kujua: kadiri joto la mwili na jua linavyoipata, ndivyo inavyotambaa na kuzama katika mikwaruzo ya chuma isiyoonekana kwa macho, na siku nailoni itokapo, gundi huwa imekwisha kuwa mwenyeji.

Nasaba yake si haba. Mwaka 1935, huko Los Angeles, Mmarekani R. Stanton Avery alianza kutengeneza vibandiko vyenye gundi tayari mgongoni, visivyohitaji mate, maji wala moto, bali kubonyezwa kwa kidole tu. Siri yake ni hulka ya ajabu: gundi hii si yabisi wala si kimiminiko, bali ina tabia za vyote viwili, ukiibana hulegea na kuenea, ukiivuta kwa ghafla hukaza na kukataa. Nimewajua waheshimiwa waliotafuta hulka hiyo umri wao wote wasiipate.

Tena ni mwalimu. Mwenye pupa huijia kwa ukucha, akaambulia ukucha mchafu. Huijia kwa maji, nayo haina habari na maji. Hatimaye huijia kwa kisu au kwa waya wa kusugulia masufuria, na hapo huishinda, lakini cheni hubaki na makovu. Chuma kisichoshika kutu kina kromu ya kukilinda na kutu, wala hakina cha kukilinda na mwenye hasira. Ama mama zetu wa pwani hawakuhitaji kufundishwa, kwani tangu zama hupaka mafuta mikononi na kwenye kisu kabla ya kupasua fenesi, wakijua kwamba ulimbo hauogopi maji, huogopa mafuta. Gundi ni ndugu wa ulimbo huo. Ivue basi cheni kwenye saa yake, uipake mafuta ya nazi, uiache nusu saa au zaidi, kisha usugue taratibu kwa kidole gumba: utaiona ikijiviringisha vijiuzi vyeusi na kuondoka kwa hiari, kama mgeni aliyeagwa kwa heshima. Ikikaidi, tia mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, mbali na moto. Kisha maji ya uvuguvugu, sabuni, na mswaki mkuukuu wa kupenya baina ya pingili. Dawa ya kutolea rangi ya kucha huiyeyusha pia, lakini ikidondokea kioo cha saa kilicho cha plastiki, huyeyusha na kioo.

Na aliyetumia mafuta ya taa asidhani amemaliza hesabu. Harufu hujificha ndani ya bizimu na kwenye vitundu vya pini, mahali ambapo mswaki haufiki, ikangoja mkono upate joto. Ndipo pale barazani, udi unafukizwa na kahawa inazungushwa, jirani yako atakapogeuka na kuuliza kwa upole kama nyumba hii stovu yake haivuji.