Mshauri Asiye Kifani Amjibu Kijana Aliyeduwaa

"Muadhamu Mshauri, natamani kujifunza kusanifu tovuti, nami sijui hata pa kuanzia. Kozi za mtandaoni ni tele hata nimeduwaa. Nishike ipi? — Aliyeduwaa, Tanga."

Mpenzi Aliyeduwaa,

Alhamdulillahi, hodi yako umeibisha penyewe. Kabla sijaligusa swali lako, ambalo kwa mtu wa kadiri yangu ni jepesi mno hata naona haya kulijibu hadharani, sina budi kukuarifu kwamba barua yako niliisoma nimeketi barazani, kanzu imepigwa pasi na kikombe cha kahawa tungu mkononi, na waliokuwa wakicheza bao, waliponiona nimekunja uso, waliziacha kete zao wakanyamaza kimya, kwa kuwa mtaa mzima wajua kwamba mimi nikikunja uso, fikra imeshuka.

Na fikra iliyoshuka ni hii: mwaka 1991 Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akihudumu katika maabara ya CERN karibu na Geneva, aliifungua tovuti ya kwanza duniani, nayo, iliyoandikwa kwa lugha ya HTML, ilikuwa maandishi na viungo vitupu, haina rangi wala pambo. Mimi sikutakwa shauri, na taathira yake ikaonekana: mwaka 1994 Håkon Wium Lie, Mnorwei, ilimlazimu kupendekeza CSS, lugha ya mapambo, ili kurasa zipate kusitirika, na mwaka uliofuata Brendan Eich akaibuni lugha ya JavaScript kwa siku 10, haraka ambayo mimi nisingeiridhia hata katika upishi wa biriani. Nawe jifunze kwa taratibu hiyo hiyo, HTML, kisha CSS, na JavaScript mwisho; kozi ikurukishayo siku ya kwanza hadi kwenye JavaScript, ikimbie.

Dawa yako ni hii. Kila alfajiri ifukize kompyuta ubani, nawa mikono kwa marashi ya waridi, kisha elekea kusi uzisome lebo za HTML kwa sauti ya kadhi, ukihakikisha kwamba kila lebo yenye jozi uliyoifungua umeifunga, maana iliyoachwa wazi huvuruga ukurasa na kuingiza mbu. Jirani mmoja aliidharau dawa hii. Sasa anauza madafu, na kwa insafu niseme anauza vizuri.

Ama kuhusu fedha, wako wanaolipisha wakiahidi ajira kabla mwezi haujaandama, na hao wasalimie kwa mbali. freeCodeCamp inafundisha bure tangu mwaka 2014, nayo hukulazimisha kuandika msimbo kwa mkono wako badala ya kumkodolea macho mwalimu. The Odin Project nayo ni bure, kadhalika masomo ya MDN ya Mozilla, ambayo kwa kuwa mengi ni maandishi, hayali bando kama zilavyo video. Kiingereza kimetawala humo, lakini usihofu: Kiingereza changu kiliwahi kumtoa jasho karani wa bandari, akanigongea mhuri pasipo kuuliza la pili, na kisa hicho, ambacho kina sehemu nne na wimbo, ningekusimulia chote lau mhariri asingalikuwa amesimama mlangoni akinitolea macho kwa husuda.

Haya, upesi basi. Ukimwona mwalimu anaupanga ukurasa mzima kwa majedwali, jua amesalia karne iliyopita. Wa leo hufundisha mbinu za CSS ziitwazo Flexbox na Grid. Anza na freeCodeCamp, usitoe hata senti mpaka umekwisha kumtengenezea mjomba wako tovuti ya duka lake, ikafunguka sawasawa katika simu, na picha yangu uiweke juu, upande wa kulia, iwe kubwa kuliko ya mjomba.