Mstaafu Kutoka Ujerumani

Kompyuta yangu ya mezani iliwahi kuajiriwa Ujerumani kabla ya kuletwa Kariakoo na kuishia kwangu Tabata. Ubavuni bado ina kibandiko cha namba ya mali ya ofisi, na kibodi yake ni ya huko huko: Z na Y zimebadilishana viti, kiasi kwamba miezi ya mwanzo barua zangu zilikuwa zinasifia fukwe za Yanyibar. Niliinunua kwa ajili ya kuandikia. Ni mstaafu kamili: mwembamba, mpole, anachapa barua, anasoma barua pepe, anazimwa analala. Tuliishi kwa amani mpaka shule zilipofungwa na dada yangu akamleta mwanawe wa kidato cha pili.

"Shikamoo mjomba. Hii inapiga gemu?"

Nikamwambia ina karata.

Akanitazama kwa huruma. Yeye alitaka mpira, EA Sports FC 25, akanisomea masharti ya chini: ramu gigabaiti 8, nafasi gigabaiti 100, kadi ya picha GTX 1050 Ti, prosesa Core i5 ya kizazi cha sita. (Masharti ya chini ni ya kuombea gemu lifunguke. Ya kulichezea kwa raha yameandikwa pembeni, na hayo sikutaka kuyasikia.) Mstaafu alikuwa na ramu 4, na prosesa yake ni ya kizazi cha nne, ya mwaka 2013, ile ambayo hata Windows 11 wanaikatalia mlangoni. Kadi ya picha hana kabisa. Picha anazichora prosesa mwenyewe kwa nguvu zake.

Tukaanza na ramu kwa sababu ndiyo rahisi. Nilipokuwa natafuta pa kuegesha gari, mpwa wangu akawahi dukani, akapewa kipande cha DDR4. "Zote ramu tu," muuzaji alimhakikishia. Sasa, DDR3 na DDR4 kwa macho ni ndugu wa tumbo moja, ila ule mkato mdogo kwenye ukingo wenye meno ya dhahabu umesogezwa kidogo, makusudi, ili mtu asiweze kuchomeka ya aina moja kwenye tundu la nyingine. Anayeweza kujaribu ni mtu mkaidi tu, na mpwa wangu ukaidi ameurithi kwa mama yake. Alikibana kile kipande kwa vidole gumba viwili, mishipa ya shingo imemtoka, mpaka nikamnyang'anya. Tuliporudi dukani tukaoneshwa karatasi ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

Hapo ndipo tukaelekezwa kwa fundi mwenye meza chini ya ngazi, karibu na Mtaa wa Aggrey. Fundi alifungua kasha, akachungulia, akatikisa kichwa kama daktari mwenye majibu. Ramu ya DDR3 alikuwa nayo, ameing'oa kwenye mashine iliyokufa. Akaweka na SSD, na kwa hayo mawili mstaafu akaanza kuwaka haraka mpaka nikashtuka. Ningekuwa na akili za mke wangu ningelipa nikaondoka. Lakini kijana alikuwa ameshaiona kadi ya picha kwenye rafu.

Ilikuwa GTX 1060, ya mwaka 2016, ndefu kama mkono wangu kuanzia kiwiko, feni mbili. Kasha la mstaafu lina unene wa kitabu kikubwa cha simu. Zipo kadi fupi za makasha kama haya, lakini fundi alisema fupi ni adimu, na cha adimu kina bei yake. Halafu kuna umeme. Tundu la kadi kwenye madabodi linatoa wati 75, basi. Kadi hii inataka 120, zilizobaki zije kwa waya wake kutoka kwenye pawa saplai, na pawa saplai ya ofisi waya huo haina, kwa kuwa aliyeiunda hakutarajia karani apige penalti.

"Haina shida, bosi," akasema fundi. Nikajua ipo.

Akaacha kasha wazi. Kadi akaisimamisha nje, juu ya kibao, imeunganishwa kwa waya bapa. Pembeni akaweka pawa saplai ya pili, ya kuilisha kadi peke yake. Hii ya pili haiwaki bila kuamriwa na madabodi, na madabodi haiitambui. Kwa hiyo fundi akachukua kibanio cha karatasi, akakinyoosha, ncha moja akaichomeka kwenye tundu la waya wa kijani, nyingine kwenye la waya mweusi. Feni zikanguruma. Mpwa wangu akapiga makofi. Mimi nilikuwa nakitazama kibanio.

Nyumbani kuna utaratibu wa kuwasha, ameuandika na kuubandika ukutani: kwanza pawa saplai ndogo, kisha kompyuta, mjomba asiguse. Gemu lilikula bando usiku kucha, likanunuliwa lingine, na likafunguka. Kadi inafanya kazi yake bila jasho. Ni prosesa inayotweta kwenye asilimia mia. Mchezaji anaganda na mguu hewani huku mtangazaji anaendelea, hivyo goli tunalisikia kwanza, halafu tunaliona likifungwa. Dakika ya 88 umeme ukakatika. Tulipouwasha tena mtambo, tukakuta mjusi amehamia nyuma ya kadi, kwenye joto, na mke wangu akasema kimoja kati ya hivyo viwili kitoke sebuleni.

Nikampigia fundi kuulizia kasha kubwa.

"Kasha lipo, bosi, lina feni za taa. Ila madabodi yako haitakaa humo, hizi za ofisi matundu yake ya skrubu ni ya kwao wenyewe. Madabodi ninayo, na prosesa yake juu yake. Pawa saplai inakuja na kasha. Wewe tafuta ramu tu, DDR4."

Nikaenda moja kwa moja jikoni kumwambia mke wangu kwamba hela ya ramu tumeshaiokoa.