Sifa za Breka ya Ampea Kumi

Watu wa mpakani wamezoea kulisifu lango linapofunguliwa na kulilaani linapofungwa, na kwa ada hiyo hiyo hajatokea hata mmoja, kwa kadiri ya elimu yangu ndogo, aliyesimama kuitetea breka, yaani ile swichi ya ukutani ambayo, mtu akichomeka birika na mwenziwe akachomeka pasi na wa tatu naye asikubali kupitwa, huanguka kwa kishindo kidogo na kuwaacha wote gizani wakiulizana nani mkosaji. Leo nimejitolea kuwa wakili wake bila ujira, ingawa mimi mwenyewe ni miongoni mwa walioumizwa naye. Na ushahidi wa aliyeumizwa, akiwa anamsifu aliyemuumiza, sidhani kama kadhi yeyote atautilia shaka ya upendeleo.

Nilikuwa na matatu kuukuu ambayo fundi mmoja wa Eldoret aliing'oa viti, akatia kitanda, kabati na meza ya kukunja, ikawa gari la kulala. Nami ndani yake, kwa tamaa inayonitahayarisha hata sasa, nikatia birika la wati 2000, pasi, feni, jokofu dogo na jiko la koili. Kwa chombo hicho nilifika Malaba nikielekea Jinja, nikakodi mahali pa kulaza gari katika ua wa nyumba moja ya wageni, ambamo madereva wa malori yaendayo Kampala, Kigali na Juba hujinyoosha migongo huku mawakala wao wa forodha wakihangaika na karatasi. Mama mwenye ua alinionyesha soketi iliyoning'inia chini ya mwembe, akasema, "Karibu, baba. Stima iko, lakini ni ya kuombana." Kauli hiyo sikuielewa mpaka jua lilipotua.

Ilipotimu saa moja ya usiku nilitia maji birikani, na wakati huo huo, pasipo mimi kujua, dereva mmoja wa Mombasa alikuwa ametia maji katika birika lake lenye nguvu sawa na langu, na utingo wake ananyosha shati la tajiri wake kwa pasi ya wati 1200. Breka ya ua ule ilikuwa ya ampea 10, ambazo kwa volti 240 ni wati 2400 tu, na sisi watatu tulikuwa tukidai 5200. Haukupita muda mrefu, maji hayajaanza hata kuimba, ua wote ukazima, na kutoka gizani ikasikika sauti ya yule wa Mombasa, ya upole wenye sumu ndani yake: "Shekhe wa matatu, wewe nawe wapika pilau?"

Nilighadhibika, kisha nikapata wasaa wa kufikiri, maana gizani hakuna kazi nyingine. Ndani ya breka mna ubapa wa madini mawili yaliyoshikamanishwa, moja likitanuka kwa joto kuliko jingine, hata mkondo wa umeme ukizidi ubapa hupinda taratibu mpaka ukafyatua mtego. Na kando yake mna koili ya sumaku, ambayo haingoji kupinda wala kupashwa, bali nyaya mbili zikigusana huufyatua mtego ule ule papo hapo. Mjerumani Hugo Stotz wa Mannheim ndiye aliyekipatia hataza chombo cha namna hii mwaka 1924, na tangu hapo sijui hakimu aliyegawa hukumu kwa insafu kama hiyo: aliyezidisha kidogo hupewa muhula wa kutubu, aliyezidisha sana hupewa mfupi zaidi, na mhalifu kamili hapewi hata nafasi ya kumeza mate.

Tazameni, tena, mahali alipokaa hakimu huyu. Hapa ni nchi ya mipaka. Busia, mwendo mfupi kusini mwetu, ndiyo iliyoipa dunia neno bodaboda, kutokana na vijana wa baiskeli walioita abiria wawavushe kutoka mpaka hadi mpaka. Na huko huko, Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja ili msafiri akaguliwe mara moja badala ya mbili. Hata umeme wenyewe ni msafiri wa njia hii, kwani baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa Jinja mwaka 1954, Kenya ilinunua umeme wake kwa mkataba, ukawa unapitia Tororo na kuvuka kuja kwetu. Katika mipaka yote hiyo, breka peke yake ndiyo isiyouliza pasi ya kusafiria, isiyojua bendera, wala isiyolainishwa kwa noti iliyokunjwa.

Naam, wapo wanaotaka kuihonga. Asubuhi alikuja fundi, kijana mchangamfu, akamnong'oneza Mama kwamba kwa pesa kidogo ataing'oa breka ile dhaifu na kutia ya ampea 32, nasi tutapika tupendavyo. Fundi huyo hakusema kwamba waya uliokuwa umezikwa ukutani ulikuwa ule ule mwembamba uliowekewa breka ya 10, na kwamba mlinzi akipewa ruhusa ya kulala, waya wenyewe ndio utakaokuwa fyuzi, uyeyuke ndani ya ukuta pasipo mtu kuuona. Na ua ule, niliyaona kwa macho yangu, ulikuwa na matangi matatu ya petroli yameegeshwa ubavu kwa ubavu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akampa chai, akamwambia arudi mwakani.

Na asiyependa breka aonje uhuru usio nayo. Yule wa Mombasa, tulipopatana, alinisimulia kisa cha mwaka 2020, wakati madereva walipongoja vipimo vya korona na foleni ya malori ikarefuka makumi ya kilomita nje ya Malaba. Mwenzake alikuwa na inveta kubwa, ile inayogeuza volti 24 za betri za lori kuwa 240, akachemshia birika usiku kucha kwa majirani wote, akipokea dua zao. Na birika la wati 2000 hufyonza kwenye betri kama hizo zaidi ya ampea 80. Alfajiri foleni ikasogea, malori yote yakasogea, la karimu likabaki. Wale wale waliokunywa chai yake walipiga honi nyuma yake kwa ghadhabu.

Basi usiku wa pili, pale mwembeni, kukawa na utaratibu ambao hakuna aliyeuandika. Jokofu langu niliruhusiwa, kwa kuwa halina makuu. Simu zote zilichajiwa, kwani hata zikikusanywa kumi hazifikii robo ya pasi. Waya wangu wa ekstensheni, niliokuwa nimeuacha umeviringwa kwenye gurudumu lake, utingo aliukunjua wote bila kuniuliza, akaniambia, "Mzee, waya ukibeba mzigo umeviringwa hivi unajipika wenyewe." Na birika lilitangazwa kwa sauti, kama adhana ndogo isiyo na dhambi: mtu huita, "Natia maji!" na ua mzima hujibu, "Tia!" au "Ngoja, nanyosha!" Watu ambao mchana, foleni ikipanda, wasingepishana kwa upana wa kidole, usiku walingojeana kwa adabu ya wakwe.

Zamu yangu ilifika saa nne kasorobo. Niliita, nikasikilizwa, maji yakachemka mpaka yakafoka, nikatia majani na tangawizi, na nilipokuwa nikimimina, kikombe cha kwanza kikiwa cha yule wa Mombasa kwa sababu ya jana, kutoka kona ya giza ya ua alisikika mgeni aliyeingia jioni ile, ambaye hakuna aliyemwona wala kumwambia lolote, akijisemea kwa furaha, "Afadhali, soketi yenyewe inafanya kazi."

Tulishika vikombe vyetu, tukangoja.