Dereva Anaitwa Nil

Jana jioni, mbele ya madereva waliochoka na Mama mwenye ofisi ya uwakala wa forodha hapa Tunduma, programu niliyomtengenezea kwa lugha ya Ruby iliandika kwenye skrini: undefined method 'mzigo' for nil. Mama akashusha miwani.

"Huyu Nil ni dereva wa kampuni gani?"

"Hakuna mtu, Mama."

"Hakuna mtu, na jina lake hili hapa?"

Kijana wa bodaboda akatumwa kumtafuta. Akapanda na foleni ya malori kuelekea Mpemba, akigonga mlango mmoja hadi mwingine: "Nil yupo?" Akarudi na taarifa kwamba huenda ameshavukia Nakonde.

Huku nyuma mimi naeleza, na maelezo yakaninogea. Yukihiro Matsumoto, Mjapani aliyeitoa Ruby mwaka 1995, alitaka karibu kila kitu kiwe obijekti, na kila obijekti iwe na klasi. Lori langu ni la klasi Lori. Hata 7 ina klasi yake, Integer. Ukiandika lori.mzigo unalitumia lori ujumbe. Aliye kushoto mwa nukta ndiye mpokeaji. Methodi yenye jina la ujumbe huo husakwa kwenye klasi yake. Isipoonekana, msako unapanda kwa klasi mzazi, mpaka Object, mpaka BasicObject kule kileleni. Usipotaja mpokeaji, ujumbe unamwangukia self, yaani yeyote aliye zamu wakati huo. Utamu wenyewe ni kwamba hata patupu pana klasi: NilClass, yenye mwanachama mmoja tu, nil. Mwambie to_a, atakupa orodha tupu kwa adabu zote. Mzigo ndio hana. Karani alichapa namba ya tela la Zambia akaacha nafasi katikati. Methodi iitwayo find ikatafuta lori hilo, ikakosa, na find ikikosa hailalamiki, inarudisha nil. Basi nil akasukumwa mbele aulizwe habari za mzigo wa shaba.

"Kumbe yupo," akasema Mama.

Madereva walicheka, nami nikacheka kidogo. Lakini Nil alijibu papo hapo, akataja na ujumbe uliomshinda. Kuna dirisha fulani mjini hapa ambako dereva anayelala chini ya tela huambiwa "mtandao uko chini, subiri," kesho hivyo hivyo. Anamsubiri nani? Nani alipokea karatasi zake? Posho imekwisha, anakopa chai, na hakuna anayetumwa na bodaboda kumtafuta mhusika.



Kumkosea mpokeaji si kwangu tu: jirani yetu mbadilisha fedha, kwa Ruby hiyo hiyo, alizidisha kwacha "250" mara 3, akapata 250250250, kwa kuwa mpokeaji alikuwa maandishi, si namba, na maandishi yakizidishwa hujirudia. Mteja wake aliishika ile risiti, akadai alipwe kama ilivyoandikwa.