Mfuko wa Tamasha na Kunguru wa Kunduchi

(Kunduchi Pwani, saa nne asubuhi. Mnada wa kwanza umekwisha na madalali wanahesabu fedha. Kwenye msumari wa kibanda cha wakaanga samaki unaning'inia mfuko wa kitambaa wenye maandishi ya Kizungu yaliyoliwa nusu na magamba. Kunguru anatua ukingoni mwa karai.)

KUNGURU: Wewe, husalimii wakubwa?

MFUKO: Shikamoo, mzee. Nilikuwa nimebana pumzi kwa harufu.

KUNGURU: Marahaba. Hapa hakuna harufu, hapa pana chakula. Umetoka wapi?

MFUKO: Ulaya. Mimi si mfuko wa sokoni. Nimetolewa kwenye tamasha la filamu za makala. Nilibeba ratiba nene, kalamu, na kitambulisho chenye picha ya kijana wa huyu shangazi anayekaanga hapa.

KUNGURU: Na leo umebeba vibua.

MFUKO: Ndiyo dunia. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Shangazi aliponiona natolewa kwenye sanduku, akasema hii ndiyo zawadi yenye akili.

(Mwandishi wa haya amekutana na ndugu wengi wa mfuko huu mjini. Masaki hubebwa begani ili jina lisomeke. Kunduchi hubeba samaki.)

KUNGURU: Huyo kijana alifikaje huko?

MFUKO: Kwa makaratasi. Taarifa ya benki, barua ya mwaliko, alama za vidole, hati ya nyumba ambayo hana, cheti cha ndoa ambayo haijafika, na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Ada ya viza pekee ni euro 90, na ukinyimwa hurudishiwi. Wanataka kuhakikisha atarudi kwao.

KUNGURU: Atakaa kwenye baridi afanye nini? Sisi kunguru tuliletwa Zanzibar na Waingereza kutoka India miaka ya 1890 ili tule taka. Hakuna aliyetuuliza salio. Siku hizi tunategewa mitego na sumu, lakini picha za pasipoti hatujadaiwa. Haya, akaenda na nguo gani?

MFUKO: Koti la mtumba kutoka soko la Karume. Likarudi kwao likamwacha yeye akitetemeka, maana zipu ilikuwa mbovu.

KUNGURU: Wakifika huko wanafanya nini?

MFUKO: Wanakaa gizani kutazama shida za watu tangu asubuhi, jioni wanatoka kunywa mvinyo. Ni kazi ya zamani. Leipzig walianza mwaka 1955, Amsterdam mwaka 1988. Na kuna soko ndani yake. Mtengenezaji anasimama mbele ya meza ya watu wa televisheni, anapewa dakika chache aisifu filamu ambayo haijakamilika.

KUNGURU: Kama dalali anayenadi samaki ambao bado wako baharini.

MFUKO: Na wanunuzi wanamkagua matamvua! Kijana aliwaonyesha shangazi akimcheka dalali mmoja aliyejipandishia bei mwenyewe mnadani, akashinda, akalipa. Anacheka mpaka anashika nguzo. Kipande kizuri kuliko vyote. Mezani kimya. Kisha bwana mmoja akasema: mama huyu ana furaha mno, mtazamaji wetu atamhurumiaje?

KUNGURU: Nani amewaambia shangazi anataka huruma? Anataka mafuta ya kupikia yashuke bei.

MFUKO: Mwingine akauliza baruti iko wapi. Amesoma kwamba pwani hii wanavua kwa baruti. Kijana akajibu kwamba imepungua sana. Wakamwambia iwepo hata kidogo.

KUNGURU: Akaiweka?

MFUKO: Akaiweka. Kicheko akakitoa, fedha ikatoka.

KUNGURU: Ah.

MFUKO: Usimhukumu haraka, mzee. Kule akisema tu ametoka Tanzania, anaulizwa habari za Darwin's Nightmare. Ile ya Mwaustria Hubert Sauper, ya mwaka 2004: Mwanza, minofu ya sangara inapakiwa kwenye ndege kwenda Ulaya, wenyeji wanabaki na mapanki. Iliteuliwa kuwania Oscar.

KUNGURU: Naikumbuka. Rais Kikwete aliilaani hadharani mwaka 2006. Filamu ililaaniwa hapa walikoiona wachache, ikapigiwa makofi na watu ambao mapanki hawajayaonja.

MFUKO: Basi ndiyo imekuwa kipimo. Baada ya filamu ya kijana taa zikawashwa, mama mmoja akanyoosha mkono huku analia, akauliza afanye nini kumwokoa shangazi.

KUNGURU: Amwokoe na nani? Wanaomwogopa hapa ni madalali. Sikiliza, mgeni. Nyanya yangu alikuwa akiruka hadi machimbo ya kokoto. Alinisimulia habari za Flora M'mbugu-Schelling, Mtanzania, aliyetoa These Hands mwaka 1992. Wanawake wanaponda mawe kwa nyundo, wengi wao wakimbizi kutoka Msumbiji. Dakika 45, na hakuna msimulizi wa kukuelekeza uhuzunike wapi. Nayo ilisafiri ng'ambo. Kumbe inawezekana.

MFUKO: Kijana anaijua. Anaisifu kwenye semina.

KUNGURU: Na ya kwake, shangazi ameionaje?

MFUKO: Hajaiona.

KUNGURU: Imezunguka Ulaya nzima na mwenye sura hajaiona?

MFUKO: Anasema mkataba wa televisheni una masharti. Anasema pia anasubiri ukumbi wenye hadhi. Amewahi kutaja tamasha la Zanzibar, pale Ngome Kongwe, lakini nauli ya boti ya shangazi haikuwa kwenye bajeti.

KUNGURU: Bajeti ilikuwa na mvinyo?

MFUKO: Mvinyo ulikuwapo.

KUNGURU: Anaogopa. Shangazi atakaa mbele, atatazama mpaka mwisho, kisha atauliza: mbona sijacheka? Hilo swali halina majibu ya semina. Utakaporudishwa nyumbani leo na hivyo vibua, mpe ujumbe. Kibanda umiza kiko hapo nyuma ya mbuyu. Wanaonyesha Simba na Yanga, na zile filamu za Kihindi zenye msimulizi wa Kiswahili. Mpira ukiisha benchi zinabaki. Wavuvi watakuja, madalali watakuja, hata yule aliyejipandishia bei atakuja kujificha nyuma. Alete ile ya kwanza, yenye kicheko, na asimdai shangazi kiingilio.