Okidi, Kokoto na Mama Mkwe

Waandishi wa vitabu vya okidi wana tabia moja inayoniudhi: wanaandika kana kwamba mwenye ua anaishi peke yake. Weka chungu penye mwanga, mwagilia kwa kiasi, usikisumbue. Nadhani hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kukuza okidi Dar es Salaam, ndani ya nyumba yenye watoto, shemeji mjamzito, na mama mkwe aliyetoka Tanga kuja kutujulia hali tangu kabla ya Ramadhani, na hadi leo hali zetu hajamaliza kuzijua.

Okidi yenyewe ni Phalaenopsis, hii ya majani manene inayouzwa kwenye maduka ya maua mjini kwa bei ambayo mke wangu hajaambiwa. Kwao ni misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, ambako huishi juu ya miti, mizizi ikining'inia hewani. Mizizi hiyo ina ngozi nene inayofyonza maji upesi: ikikauka inang'aa rangi ya fedha, ikilowa inageuka kijani. Ukiifukia kwenye udongo wa bustani inakosa hewa, inaoza. Ndiyo maana wengi hutumia magome ya misonobari, mkaa au makumbi ya nazi. Magome niliyajaribu. Kwa joto na unyevu wa Dar yalioza upesi, jongoo wakahamia na familia zao.

Basi nikaagiza kokoto za udongo. Huu ni udongo wa mfinyanzi uliofanywa vidonge na kuchomwa kwenye tanuri linalozunguka, kwenye joto la nyuzi 1,200 hivi, hadi unaumuka kama andazi: nje ganda gumu, ndani vitundu vitupu. Kokoto hizi ni nyepesi, haziozi, zinavuta maji kutoka chini na bado zinaacha hewa ipite kati yake. Shemeji yangu anayeishi Rotterdam alinibebea mfuko mzima. Siku begi lilipofunguliwa, ndugu walikuwa wamejaa sebuleni wakingoja manukato. Shangazi alishika kokoto moja, akaigeuza, akauliza kwa upole kama kule machimboni Kunduchi zimekwisha.

Kabla ya kupanda, kokoto huoshwa vumbi, kisha hulowekwa usiku kucha zishibe maji. Nikazitia kwenye sufuria kubwa, nikaiacha jikoni, nikalala. Jioni hiyohiyo mama mkwe alikuwa ameingia kwa basi la mwisho, na habari za mfuko wa Rotterdam hakuwa nazo.

Mama ni mtu wa kuamka alfajiri, na hawezi kukaa bure kwa watu. Alipokuta sufuria imejaa vitu vya mviringo, vya kahawia, vigumu, vilivyolowekwa tangu jana, alifanya ambacho mwanamke yeyote mchapakazi wa Tanga angefanya. Aliwasha jiko la mkaa akabandika njugu mawe. Zile zilizoelea alizichota na kuzitupa, maana njugu inayoelea imeshatobolewa na wadudu. Ilipofika saa tatu asubuhi hazijalainika, akaongeza magadi. Saa tano akamtuma mtoto mkaa zaidi. Niliporudi adhuhuri nilimkuta ameshakuna nazi, uso umejaa wasiwasi.

"Mwanangu," akaniambia, "hizi njugu mmeuziwa za mwaka juzi."

Kwa desturi zetu mkwe hakosolewi, tena na mkaa wake ungali unawaka. Nikasema, "Kweli mama, wafanyabiashara wa siku hizi si waaminifu." Mke wangu alikuwa amejifungia chumbani, na kicheko chake kilisikika hadi uani. Hata hivyo lazima nimtendee haki mama: kuchemsha ni njia mojawapo ya kusafisha kokoto hizi, hasa zilizokwisha kutumika. Magadi ndiyo hayahitajiki. Nilizisuuza hadi mikono ikakunjamana.

Chungu cha kilimo hiki hakitobolewi chini bali ubavuni, sentimita mbili tatu kutoka kitako, ili pabaki kisima kidogo cha maji na kokoto ziyapandishe polepole hadi kwenye mizizi. Mama alipoyaona yale matundu alisikitika. Nilikuwa nimeuziwa njugu mbovu, na sasa chungu kibovu. Akayaziba kwa nta ya mshumaa, akajaza maji ya kuoshea mchele hadi juu. Usiku nikayazibua kwa msumari, nikinyata kwenye nyumba ninayoilipia kodi. Asubuhi akayaziba. Mashindano haya yaliendelea huku kila mmoja wetu akimsalimu mwenzake kwa heshima kamili.

Wakati huohuo kokoto zikawa zinapungua. Nikawashuku watoto, ambao kwa kweli walikuwa wamechukua chache za gololi. Lakini mlaji mkubwa alikuwa shemeji mjamzito. Pemba yake, ule udongo wanaoutafuna wajawazito, ilikuwa imemwishia, akaona udongo upo mezani, umeokwa vizuri, akawa anazimung'unya. Tena hakuchukua yoyote tu. Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi, na kokoto zikivuta maji huyapandisha na chumvi yake; maji yakikauka, juu panabaki ukungu mweupe. Shemeji alikuwa akichagua zenye ukungu. Nilipomweleza kwamba ukungu ule una mbolea ya okidi ndani yake alizitema zote, akaninunia, akasema afadhali muuguzi wa kliniki, anayemkataza udongo bila kumwekea sumu.

Okidi nayo ilinuna. Hilo nililitarajia, kwa kuwa mizizi iliyoota kwenye magome haielewani na kokoto zenye maji; mingi hufa, na mmea hukaa tu ukingoja kuotesha mipya. Ilipotoka ile mipya, minene na ya kijani, mama aliniita niione, akaniangalia kama fundi anayengoja malipo yake. Kilipoingia kipupwe pakachomoza shina la maua. Wataalamu husema Phalaenopsis huhitaji wiki kadhaa za hali ya ubaridi ndipo ichanue. Mama anasema ni maji ya mchele, na majirani wameshaanza kuja kumwomba.

Wewe mwenye kisima cha chumvi, kinga maji ya mvua, na usuuze kokoto zako mara kwa mara kwa maji mengi yapite yaende zake. Ukiziloweka usiku, ziloweke kwenye ndoo ya kudekia, usitumie sufuria. Na matundu ya ubavuni usiyazibe, hata ukiambiwa na mtu mzima.